Mvunja Mawe na Kifungu cha 15

Cimpunda ni mtaa wa mlimani. Uko katika komuni ya Kadutu, mjini Bukavu, na nyumba zake za mbao na mabati zimepandana kiasi kwamba anayetoka mlangoni asubuhi huanza kwa kuangalia paa la jirani wa chini. Mvua kubwa ikinyesha, udongo hushuka pamoja na nyumba. Moto ukishika jiko moja, safu nzima iko hatarini, maana gari la zimamoto halina njia ya kupanda. Wengi walifika hapa wakikimbia vita, hasa vya 1996 na vya 1998, wakajenga palipobaki. Muulize kijana anayeuza petroli kwa chupa kando ya barabara anaishije, atakujibu kwa mkato: artikle 15, yaani kifungu cha 15. Mama anayerudi kutoka soko la Kadutu na kapu tupu mgongoni atajibu hivyo hivyo. Na mwalimu wa shule ya msingi, aliyesoma kuliko hao wawili, naye hana jibu lingine.

Usemi huo una mwaka wa kuzaliwa, una mahali pa kuzaliwa na, kwa wanaousimulia, una hata baba. Ndivyo zilivyo semi nyingi zinazosemwa Bukavu kila siku. Tumezoea kutamka "wahenga walisema" tukafunga mjadala, kana kwamba kila neno lenye uzito lilitungwa na babu mmoja asiye na jina aliyeketi chini ya mgomba. Huo ni uvivu. Baadhi ya wahenga wetu walivaa magwanda ya jeshi. Mmoja alikuwa mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Wales. Mwingine alikuwa rais.

Tuanze na semi zilizotoka mbali zaidi. Katika karne ya 19 watu wa pwani walikuwa na usemi kwamba ikipigwa zumari Unguja, watu wa maziwa makuu hucheza. Leo tunauchukua kama fumbo juu ya wakubwa na wadogo, lakini ulipotungwa ulikuwa taarifa ya soko. Seyyid Said wa Oman alikuwa amehamishia makao yake Unguja, na bei ya pembe za ndovu kisiwani ndiyo iliyoamua msafara upi utoke Tabora, ufike Ujiji, uvuke Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema. Huko Kasongo na Nyangwe, Hamed bin Muhammad el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alijijengea himaya ya bunduki, vitambaa na watumwa. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilianzia katika nyayo za misafara hiyo, na si jambo la kujivunia lote.

Bushi, nchi ya Washi ambamo Bukavu imejengwa, haikutawaliwa na wenye misafara. Wami, yaani wafalme, wa Kabare na Ngweshe walibaki na milki zao na ng'ombe wao. Kiswahili kiliingia mjini baadaye, midomoni mwa askari wa Wabelgiji, wafanyabiashara na wamisionari, na ndipo watoto wa mlimani wakaanza kufundishwa methali za watu wa baharini. Chukua "haba na haba hujaza kibaba", ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Kibaba ni kipimo cha nafaka cha pwani. Vibaba vinne ni pishi moja. Sokoni Kadutu unga hupimwa kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto wachanga. Methali ilipanda mlima, kipimo chake kikabaki Mombasa, na hakuna aliyekitafuta. William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekusanya methali huko Mombasa, alizichapisha London mwaka 1891. Hiyo ilikuwa miaka 3 kabla ya Mjerumani von Götzen kuwa Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu. Kwa hiyo methali nyingi tunazoziita za babu zetu wa Kivu zilikuwa tayari kitabuni Ulaya wakati babu hao walikuwa hawajasikia hata neno moja la Kiswahili.

Sasa tuje kwa yule wa Wales. Henry Morton Stanley alirudi kwenye mto Kongo mwaka 1879, safari hii kwa pesa za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Alitua upande wa magharibi, karibu na bahari ya Atlantiki, na miongoni mwa wafanyakazi wake wa kwanza walikuwamo watu aliowachukua Unguja. Hapo Vivi maporomoko ya maji yalizuia meli kupanda mto, ikabidi ikatwe barabara mlimani. Stanley alishika nyundo kubwa akawaonyesha watu jinsi ya kupasua mwamba, na baruti ikamaliza iliyobaki. Watu wa huko, wasemao Kikongo, wakamwita Bula Matari: mvunja mawe.

Lingekuwa jina la utani tu kama mengine mengi waliyopewa Wazungu, lakini halikubaki kwa mtu mmoja. Leopold alipotangaza Dola Huru ya Kongo mwaka 1885, jina lilihamia kwa dola yenyewe. Ofisa anayekuja kudai mpira ni Bula Matari. Askari anayekuja kuchoma kijiji ni Bula Matari. Karatasi yenye muhuri ni ya Bula Matari. Ubelgiji ilipoichukua nchi kuwa koloni lake mwaka 1908, jina halikubadilika, na lilisafiri na kila kikosi kuelekea mashariki. Maofisa wa kikoloni wenyewe walilipenda. Walilisikia kama sifa ya nguvu. Waliovunjwa walilisikia vingine.

Na tukitazama vizuri, baada ya Vivi Bula Matari hakuvunja tena mawe kwa mkono wake. Reli ya kutoka Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilijengwa kati ya 1890 na 1898, na hesabu ya serikali yenyewe ilikubali vifo vya Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Matadi ni neno lile lile, mawe. Mji mzima wa bandari una jina hilo. Waliopasua mawe ya Matadi walikuwa vibarua kutoka Afrika Magharibi na kwingineko, na jina la kazi yao likaandikwa kwa mwenye amri.

Kwenye Ziwa Kivu, Bula Matari alifika akiwa na jirani mgomvi. Wabelgiji na Wajerumani walibishania mpaka wa mto Ruzizi na ziwa kwa miaka kadhaa hadi mikataba ya 1910. Kituo cha Nyalukemba, ambacho leo ni mtaa wa komuni ya Ibanda, kilikua kikawa mji, na mwaka 1927 mji ukapewa jina la Costermansville, kumkumbuka Paul Costermans, ofisa mkuu wa dola ya Leopold. Jina la Bukavu lilirudishwa miaka ya 1950. Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia ziwani, palipo na upepo mzuri. Waafrika walitengewa mlima wa Kadutu, karibu kiasi cha kufika kazini kwa miguu, mbali kiasi cha kutoonekana jioni. Mpangilio huo wa mji ndio uliomfanya mtu wa Cimpunda awe mtu wa Cimpunda. Vijijini nako, tangu amri ya 1917, mkulima aliweza kulazimishwa kulima mazao ya serikali siku 60 kwa mwaka. Asiyetimiza alijua kiboko, ule mjeledi uliofutwa kabisa katika sheria mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru.

Katika miaka hiyo hiyo lilikuja neno jingine ambalo Bukavu hailiachi: matabishi. Ukimpa kijana kitu kidogo kwa kukubebea mzigo, hayo ni matabishi. Ukimpa karani ili faili lako lipande juu ya mengine, hayo nayo ni matabishi, ingawa si ya aina moja. Neno ni la Kireno. Wafanyabiashara wa Angola waliita mata-bicho, yaani "ua mdudu", lile funda la pombe kali linywewalo asubuhi kabla ya chakula, kwa imani kwamba huua minyoo tumboni. Angola na Msumbiji neno hilo limetulia likawa jina la kifungua kinywa. Kongo liligeuka kuwa pesa ya kunywea, kisha pesa tu. Kenya wao husema chai. Inaelekea kila nchi ya jirani zetu imekubaliana kwamba rushwa ni lazima ifanane na kinywaji.

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Siku 5 baadaye, jenerali Mbelgiji Émile Janssens, mkuu wa jeshi la Force Publique, aliwakusanya askari wake akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Alitaka kufundisha nidhamu. Askari walielewa kwamba hakuna Mwafrika atakayepanda cheo, wakaasi siku hiyo hiyo, na Janssens akaondolewa. Sentensi yake ilibaki. Kwa miaka 60 na zaidi Wakongo wameitumia kinyume kabisa na alivyotaka, kila wanapotazama barabara ambayo babu zao waliiacha na lami.

Uasi ule ulifungua milango mingine. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga chini ya Moïse Tshombe. Agosti, Albert Kalonji akatangaza kujitenga kwa Kasai Kusini, makao yake makuu yakiwa Bakwanga, mji wa almasi ambao leo ni Mbuji-Mayi. Hapa ndipo artikle 15 ilipozaliwa, na inafaa tukae kidogo.

Tangu mwaka 1959 Baluba waliokuwa wakiishi Luluabourg na sehemu nyingine za Kasai walikuwa wakifukuzwa katika mapigano na kabila la Lulua. Maelfu kwa maelfu walirudi kwenye ardhi ya mababu ambayo wengi hawakuwahi kuikanyaga. Bakwanga ilikuwa na almasi, haikuwa na mashamba ya kuwalisha. Mwishoni mwa 1960 njaa iliua watu wengi, watoto kwanza, hata Umoja wa Mataifa ukalazimika kuleta chakula. Wakati huo huo nchi mpya ilikuwa ikijitengenezea kila kitu cha nchi: bendera, stempu, jeshi. Kalonji alitawazwa Mulopwe, cheo cha wafalme wa kale wa Baluba. Julai 1961 ikapitishwa katiba.

Wakimbizi, hadithi inasema, walimwendea Kalonji wakamwuliza: nyumba ziko wapi, chakula kiko wapi, kazi iko wapi? Naye akawajibu kwamba nchi ni yenu, mmefika kwenu, basi débrouillez-vous, jitafutieni. Wengine husimulia kwamba katiba ilikuwa imefika kifungu cha 14 na watu bado wana njaa, ndipo cha 15 kikajazwa kwa neno hilo moja. Wasimulizi hawakubaliani kama lilitamkwa kwa ukali au kwa huzuni. Kwangu mimi hilo halibadilishi kitu. Watu wenye njaa walipewa jibu hilo kwa maneno au kwa vitendo, wakalipa namba ya kisheria ili lionekane lilivyo: amri ya serikali ya kutokuwepo kwa serikali. Ni kejeli ya hali ya juu, na waliotunga walikuwa watu wasio na kitu tumboni.

Kasai Kusini ilikufa mwaka 1962. Kifungu chake kikasambaa nchi nzima. Kilipita Ikulu, kambini, katika mabasi na kwenye muziki wa Kinshasa, kikafika Kivu ambako hakuna aliyemchagua Kalonji kwa lolote. Bukavu haikuchelewa kukihitaji.

Maana miaka ile mji huu haukupumzika. Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba waliuteka mji wa Stanleyville mapema Agosti, na kabla mwezi haujaisha walikuwa ndani ya Bukavu. Walikuja wakiita "Mai Mulele!" Waganga wao waliwanyunyizia maji na kuwaahidi kwamba risasi zitageuka maji zikifika mwilini, mradi mpiganaji afuate miiko na asiache kuita. Pierre Mulele, mwenye jina hilo, hakuwa nao. Alikuwa msituni Kwilu, magharibi kabisa ya nchi, akiongoza vita vyake mwenyewe. Watu wa Kivu walimwita kwa sauti mtu ambaye hakuwa akiwaongoza. Kanali Léonard Mulamba aliulinda mji, waasi wakarudishwa nyuma, na mwaka uliofuata Mulamba akawa waziri mkuu. Uwanja mmoja wa Bukavu una jina lake hadi leo. Neno mulele liliendelea kutumika mashariki kwa kila anayeshika silaha porini.

Msomaji wa Tanzania atakuwa amekwisha kukumbuka. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu wa kusini ya Tanganyika maji ya namna hiyo hiyo dhidi ya risasi za Wajerumani, na vita vikaitwa Maji Maji. Miaka karibu 60 na ziwa moja refu viko katikati ya matukio hayo mawili, wala sioni haja ya kuyaunganisha kwa nguvu. Bunduki ya mgeni ilikuwa ile ile, na asiye na bunduki alitafuta alichonacho. Miaka ya 1990 vijana wa Kivu waliposhika tena mikuki na bunduki, wakijifunga hirizi na kujinyunyizia, walijiita Mai-Mai. Leo jina hilo hutajwa katika taarifa za habari za dunia nzima, na anayelitaja mara nyingi hajui kwamba anatamka neno la Kiswahili la kitu kinachochotwa kwa bidoni.

Mwaka 1967 ilikuwa zamu ya Jean Schramme, Mbelgiji mwenye shamba aliyegeuka kiongozi wa mamluki. Aliuteka mji Agosti, akaushika hadi mwanzoni mwa Novemba, akavuka mpaka kuingia Rwanda na kuuacha umebomoka. Kwa wazee wa Bukavu "wakati wa Schramme" ni tarehe kamili, haina haja ya mwaka. Mtoto aliyezaliwa wakati huo anajua umri wake.

Kisha ikaja amani ya Rais Mobutu, ambayo ilikuwa na semi zake. Kila Jumamosi watu waliitwa salongo, kazi ya umma ya kufagia, kuzibua mifereji na kushangilia. Neno ni la Kilingala, na amri ilitoka kwa chama kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliolima siku 60 kwa ajili ya Wabelgiji waliitambua kazi hiyo hata ilipobadilishiwa wimbo. Ajabu ni kwamba chama kilikufa na salongo ikabaki. Bukavu watu bado huitwa kwenye salongo, na katika mtaa kama Cimpunda, ambapo mfereji ulioziba unaweza kubeba nyumba, wapo wanaoiendea bila kusukumwa.

Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Kivu ilikuwa na mashamba ya chai, kahawa na kwinini. Waliopewa wengi walikuwa watu wa karibu na utawala. Waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni na hawakununua nyingine. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 20 Mei 1976, rais mwenyewe alisimama mbele ya umati Kinshasa akazungumzia wizi. Hakusema msiibe. Alisema anayeiba aibe kidogo na kwa ustaarabu, maana anayeiba sana ili atajirike usiku mmoja atakamatwa. Watu walifupisha hotuba nzima kwa Kilingala wakapata maneno matatu tu: yiba na mayele, iba kwa akili. Sijui rais mwingine aliyeipa nchi yake methali ya namna hiyo.

Pesa yenyewe iliingia katika semi. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Wenyeji waliiita Dona Beija, jina la mwanamke mrembo wa tamthilia ya Brazili iliyokuwa ikitazamwa wakati huo. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa isiwe pesa halali, wafanyabiashara wakaikataa, askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo wakapora Kinshasa Januari 1993. Oktoba mwaka huo zaire mpya moja ilibadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Na mwaka 1996, Mobutu alipokuwa akitibiwa saratani ya tezi dume Ulaya, noti mpya zilizochapishwa kwa wingi ziliitwa prostate. Mtu mzee anaugua na nchi inamlipa kwa kuitaja sehemu iliyooza kila inaponunua chumvi. Hapo sina la kuongeza.

Ni katika miaka hiyo artikle 15 iliacha kuwa kejeli ikawa utaratibu. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu na migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikafunga madarasa, wazazi na kanisa Katoliki walikubaliana kwamba mzazi ndiye atamlipa mwalimu. Mpango wa dharura ulidumu. Elimu ya msingi bila malipo ilitangazwa mwaka 2019 tu. Kati ya miaka hiyo kizazi kizima cha Cimpunda kilijua kwamba asiyeleta prime, yaani pesa hiyo ya mwalimu, hurudishwa nyumbani, na mama aliyekuwa akibeba magunia sokoni alikuwa ndiye wizara ya elimu ya watoto wake. Wauza petroli wa chupa nao walipata jina: Kadhafi, kwa heshima ya kiongozi wa Libya na visima vyake. Kijana mwenye chupa 6 za petroli anaitwa kwa jina la mwenye mafuta ya nchi nzima, na anaitika.

Vita vya 1996 viliongeza maneno mawili ambayo siwezi kuyaruka. La kwanza ni kadogo, namna ya Kivu ya kumwita mtoto mdogo nyumbani. Jeshi la AFDL la Laurent-Désiré Kabila liliingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996 na kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, likiwa na watoto waliobeba bunduki zinazokaribia urefu wao. Kinshasa, mji wa Kilingala, ulijifunza neno hilo kwa kuwaona. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila alipigwa risasi na mlinzi aliyekuwa mmoja wa makadogo wake.

La pili ni sentensi ya Christophe Munzihirwa, Mjesuiti na askofu mkuu wa Bukavu, kwamba kuna mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyolia. Maneno kama hayo yalikuwapo katika Kifaransa kabla yake. Lakini Munzihirwa aliyasema katika mji uliojaa wakimbizi, alikataa kuondoka, na aliuawa katikati ya mji tarehe 29 Oktoba 1996. Tangu hapo katika misiba ya Bukavu sentensi hiyo ni yake.

Mwanamuziki Pepe Kallé, katika miaka ya 1980, alikuwa ameshaiunganisha artikle 15 na maneno mengine ya Kilingala katika jina la wimbo wake maarufu: beta libanga. Maana yake ni piga jiwe, ponda jiwe, hangaika upate chakula. Huko Kinshasa maneno hayo ni lugha ya mafumbo. Hapa Bukavu ni kazi. Kwenye miteremko ya mji huu wanawake huketi juani na nyundo ndogo, mwamba mkubwa kando yao, wakiponda kokoto za kuuzia wajenzi. Mtoto mdogo hukaa pembeni akikusanya vipande. Nyumba za ghorofa zinazopanda Ibanda zinajengwa kwa kokoto kama hizo.

Stanley alipewa jina kwa kupiga mwamba mara chache mbele ya watazamaji, na serikali zilizomfuata zikajiita kwa nguvu za nyundo yake. Zaidi ya karne moja baadaye mvunja mawe wa Kongo ni mwanamke wa Kivu, na hakuna ofisa anayetamani jina hilo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hukumu nzito kuliko zote ambayo lugha ya mtaani imeitoa juu ya dola yetu: cheo kilibaki juu, kazi ikashuka kwa raia, na kifungu cha sheria kikatungwa cha kumwambia kwamba ndivyo inavyopasa kuwa.

Lakini Kongo ina kifungu cha 15 halisi. Katiba ya sasa ilipitishwa kwa kura ya maoni Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 15 hakisemi jitafutieni. Kinaiagiza serikali kuhakikisha ukatili wa kingono unakomeshwa, na kinautaja kuwa uhalifu dhidi ya binadamu pale unapofanywa kwa nia ya kuvunja familia na kuangamiza watu. Walioandika walikuwa wakijua kilichotokea mashariki. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 upande wa pili wa mji huu huu, imewatibu maelfu ya wanawake waliofanyiwa ukatili huo, na Mukwege akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo, msomaji, ofisa akikuambia tena kwamba pesa hakuna, ulinzi hakuna, barabara hakuna, fanyeni artikle 15, usicheke naye. Mwambie akuletee katiba, akifungue kifungu hicho, na akisome kwa sauti mbele ya akina mama wa Cimpunda.